Malaika na malaika wakuu

Viumbe wa kiroho, watumishi na wajumbe wa Mungu katika dini za Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu. Katika Biblia ni Mikaeli peke yake anayeitwa malaika mkuu (Yuda 9). Wakatoliki humwadhimisha pamoja na Gabrieli na Rafaeli tarehe 29 Septemba. Rafaeli yumo katika kitabu cha Tobiti, ambacho Waprotestanti hawakihesabu kuwa sehemu ya Biblia, na ndiyo maana wengi wao hawamtaji. Qurani inawataja Jibrili na Mikaili. Israfili, mpuliza parapanda, anajulikana kwa Hadithi za Mtume.

Mkoani Mara, Tanzania, mafundisho kuhusu malaika yana uzito wa pekee kwa Waadventista Wasabato, waliofika kanda hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Wao huhubiri ujumbe wa malaika watatu wa Ufunuo 14.

Katika sanaa, Afrika Mashariki haina kazi inayolishinda dari la kanisa la Debre Berhan Selassie, Gondar, Ethiopia: safu kwa safu za nyuso zenye mabawa, macho makubwa meusi yakiwatazama waumini. Misikiti ya pwani haichori malaika. Hupambwa kwa maandishi na nakshi.