Tunaivuka Bahari Kila Siku, Historia Yake Hatuijui

Kila asubuhi tunabanana kwenye feri, tunavuka, tunashuka, basi. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua kwamba kule Mkomani kuna watu ambao kazi yao ni kuisoma hii bahari? Ni KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi.

Stori yenyewe haikuanzia Mombasa. Miaka ya 1950 makao ya utafiti yalikuwa Unguja, chini ya shirika moja lililohudumia Afrika Mashariki nzima. 1977 Jumuiya ikavunjika. Unguja ikabaki na taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 1979 Kenya ikaanzisha KMFRI. Sasa fikiria: mkondo wa maji unatoka Tanzania kuja kwetu bila kuulizwa pasipoti, lakini wanaouchunguza waligawanywa na mpaka.

Halafu kuna Gazi, huko Kwale, unapanda matatu Likoni tu. Miaka ya 1970 mikoko ilikatwa ikawa kuni za viwanda, na sehemu kubwa ikabaki wazi, haikuota tena yenyewe. Miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI wakaanza kupanda miche pamoja na wanakijiji. 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolipwa kwa hewa ukaa inayofyonzwa na ile mikoko, mradi wa kwanza wa aina hiyo duniani kuendeshwa na jamii. Pesa zikaenda kwenye maji na shule.

Kwa hivyo mtu asiniambie utafiti ni makaratasi tu. Babu zetu walijua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Huo pia ulikuwa utafiti, ila mwingi haukuandikwa, na mzee akifa anaondoka nao. Hata meli kubwa ya KMFRI, Mtafiti, zamani ilikuwa Zeeleeuw ya Ubelgiji, tukapewa. Shukran kwao, lakini mpaka lini tutasubiri kupewa?

Mtoto wa Bofu akisema anataka kusomea sayansi ya bahari, msimcheke eti anataka kuwa mvuvi. Kwanza, uvuvi una aibu gani? Pili, bahari ni yake. Nani mwingine aisome?