Siku 84 na Saa za Kabla

Katikati ya miaka ya 1970, wakati Mto Ruaha Mkuu ukizibwa pale Mtera ili maji yahifadhiwe kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, Bunge lilikuwa na jambo jingine lisilopigiwa picha nyingi kama bwawa. Mwaka 1975 liliirekebisha Sheria ya Ajira tuliyorithi kwa Waingereza, na likizo ya uzazi yenye malipo ikawa haki ya kila mwanamke aliyeajiriwa, awe ameolewa au hajaolewa. Swali la wakati ule lilikuwa nani anastahili likizo. Saa za kazi za mwanamke mwenye mimba ya miezi minane hazikuwa mezani, na kwa maoni yangu hazijawekwa mezani ipasavyo mpaka leo.

Sheria tunayotumia sasa ni ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nimeisoma nikiwa na swali moja tu: aliyebakiza wiki chache kujifungua anapunguziwa nini?

Usiku anapunguziwa. Kifungu cha 20 kinamkataza mwajiri kumfanyisha mjamzito kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, au mapema zaidi akileta cheti cha daktari. Mahali kama Mtera kifungu hiki si pambo. Kituo cha umeme cha megawati 80, kilichoanza kuzalisha mwaka 1988, hakifungwi jioni kama duka. Nesi wa zahanati ndiye anayegongewa mlango usiku wa manane. Kazi ya hatari nayo anaondolewa, kwa kifungu cha 33. Lakini mchana? Mchana sheria inaruhusu saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, sawasawa na mwenzake asiye na mimba, hadi siku anayofunga ofisi na kwenda.

Anaweza kuondoka mapema, ndiyo. Likizo inaruhusiwa kuanza wiki 4 kabla ya makadirio. Ila siku zote ni 84, au 100 akijifungua mapacha, na zinatoka katika kapu moja. Akichukua zile wiki 4 za mwanzo, siku 28 zimekwenda. Mtoto amebakiziwa 56. Waendeshaji wa bwawa wanaijua hesabu ya namna hii. Maji ya Mtera yanapimwa kati ya mita 690 na mita 698.50 juu ya usawa wa bahari, na yanayofunguliwa mapema hayatakuwepo kiangazi kikikolea.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliandika barua yake miezi 3 kabla, kama sheria inavyotaka, akaambatisha cheti, kisha akaendelea kufundisha. Ijumaa alisahihisha madaftari miguu ikiwa juu ya kreti la soda kwa sababu viatu havikuingia tena. Usiku wa Jumapili akajifungua. Nilipomuuliza kwa nini hakupumzika hata wiki moja, alinijibu kwa mkato: kila siku atakayokaa nyumbani na tumbo atakuwa amemnyang'anya mtoto. Mama yetu alimwelewa kuliko mimi.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sheria yetu imewasikiliza mno. Baada ya likizo, mama anayenyonyesha anapewa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Mwaka 2025 yakaja marekebisho mengine mazuri: mama wa mtoto njiti anaongezewa muda uliokuwa umebaki kufikia wiki 40 za ujauzito. Yaani sheria imejifunza kuhesabu hata wiki ambazo mtoto alipaswa kuwa bado tumboni, mradi ameshatoka. Akiwa bado yumo, hazina hesabu yoyote.

Kwa nini basi usiku ulionekana na mchana haukuonekana? Usiku una ukoo mrefu. Mwaka 1906 mataifa kadhaa ya Ulaya yalikutana Bern, Uswisi, yakakubaliana kuwaondoa wanawake wote, wenye mimba na wasio nayo, katika kazi za usiku viwandani. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, likiwa changa kabisa, liliirudia katazo hilo kwenye mkutano wake wa Washington. Mkutano huohuo ulipitisha mkataba wa uzazi: wiki 6 kabla na wiki 6 baada. Mwaka 1952 likaja Pendekezo Na. 95, ambalo lilisogea hatua moja zaidi. Lilitaka wajawazito wasifanye kazi ya usiku wala ya ziada, na saa zao zipangwe ili wapate mapumziko ya kutosha. Pendekezo halifungi nchi yoyote. Usiku ulikuwa umeshazoeleka, tukauandika. Ule mpangilio wa saa za kupumzika hatukuuandika.

Wapo walioandika. Sheria ya kazi ya Vietnam ya mwaka 2012 ilisema mwanamke wa kazi nzito akifika mwezi wa 7 ahamishiwe kazi nyepesi, au apunguziwe saa 1 kila siku bila kukatwa mshahara. Sisi tungeweza kuanza na kipimo tulichonacho tayari. Tuchukue zile saa 2 za kunyonyesha, tuzitoe pia katika wiki 4 za mwisho, siku 5 kwa wiki. Jumla ni saa 40. Haifiki hata wiki moja kamili ya kazi, na hakuna siku itakayochotwa kwenye zile 84.

Yote haya, msomaji, ni ya mwenye mkataba. Wanawake wengi wa Mtera wanaishi kwa samaki, na hawana mwajiri wa kumpelekea barua. Upande wa Migoli nilizungumza na mama mmoja anayekaanga perege na kuwauzia abiria wa mabasi ya Dodoma na Iringa. Ana watoto wanne. Nilimuuliza alikuwa akiacha kazi lini, akacheka.

"Kuacha, mwanangu? Nilikuwa napunguza beseni."

Mpaka mwezi wa 7 alibeba beseni zima kutoka mwaloni. Baada ya hapo nusu. Miguu ikianza kuvimba, mdogo wake ndiye aliyekimbilia madirisha ya mabasi, yeye akabaki kwenye kigoda jikoni, akigeuza samaki na kupokea hela. Kwa mimba ya mwisho mdogo mtu alikuwa ameshaolewa, kahamia Mpwapwa. Beseni akalibeba mwenyewe hadi mwisho, nusu nusu, akienda mwaloni mara mbili badala ya mara moja.