Uvira: Nani hulipa mwalimu anayeshika darasa la mwenzake?

Katika shule za msingi za Uvira, mwalimu mmoja hushika darasa moja tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Hakuna mwalimu wa akiba. Mmoja akikosa kufika, direkta huingia darasani mwenyewe, ama mwalimu jirani huandika zoezi ubaoni kwake kisha hukimbilia wa pili. Desturi hiyo ni ya zamani. Kilichobadilika ni anayeigharamia.

Mwaka 1977 serikali ya Zaire ilitia sahihi mapatano na makanisa: makanisa yasimamie shule zao, serikali ilipe walimu. Hapo, aliyemshikia darasa mwenzake mgonjwa alikuwa na mshahara wake. Ulikuwa msaada wa siku mbili tatu, basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Pesa ya Zaire ilipoteza thamani, mshahara haukutosha kitu, na walimu wakagoma nchini kote. Ili shule zifunguliwe, wazazi walikubali kuchanga ile pesa tuliyozoea kuiita prime. Tangu hapo, mwalimu asiyeonekana hakuwa lazima mgonjwa. Huenda alikuwa shambani kwenye bonde la Ruzizi, ama ziwani akitafuta ndagala, ama mpakani Kavimvira akichuuza. Vita vya Oktoba 1996, vilivyoanzia upande wetu huu, viliongeza nafasi tupu, na waliobaki wakabeba mzigo wa waliokimbia.

Prime ilikuwa mzigo kwa wazazi, lakini ilifanya jambo moja: shule iliweza kumwita kijana mwenye diploma ya ualimu aje kuziba nafasi. Hakuwa kwenye orodha ya SECOPE, idara iliyolipa walimu wa serikali, lakini mwisho wa mwezi hakurudi nyumbani mikono mitupu.

Septemba 2019, elimu ya msingi ya bure iliyoandikwa katika Katiba ya 2006 ilianza kutekelezwa. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa prime walirudi, madarasa yakafurika. Hiyo ni faida ambayo hakuna mzazi angetaka irudi nyuma. Ila kwa mwalimu asiye kwenye orodha, mlango wa wazazi ulifungwa kabla ya mlango wa serikali kufunguka. Baadhi yao waliingizwa. Wengine wangali wanaitwa NU, yaani walimu wapya, hata baada ya miaka mingi na chaki mkononi.

Desemba 2025 vita vilipofika tena Uvira, watu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi. Kila msukosuko wa namna hiyo huacha madarasa bila mwenyewe, na mara nyingi anayeyashika ni yule asiyelipwa.

Shule zetu zina daftari la waliokosa. Ziwe pia na daftari la walioshika nafasi zao, na wenye orodha ya mishahara walisome.