Meno ya Watoto wa Toomelah

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huko Australia mgeni alifika mwaka 1788, na mwenyeji akaugua. Kabla ya hapo Waaborijini waliishi kwa nyama ya mwituni, samaki, mizizi na matunda, na meno yao yalioza kwa nadra. Waliponyang'anywa ardhi na kukusanywa katika kambi na misheni, walipewa posho ya unga wa ngano, sukari na majani ya chai. Hapo ndipo penye asili ya meno mabovu ya wajukuu wao. Si uchafu wala uvivu wa mtu.

Tuchukue mfano wa Toomelah, kijiji cha Waaborijini kaskazini mwa jimbo la New South Wales, karibu na mpaka wa Queensland. Taarifa ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo, iliyotolewa mwaka 1988, ilieleza kwamba maji ya kijiji yalifunguliwa mara mbili tu kwa siku, dakika 15 kila mara. Katika utumishi wangu nimekagua kucha na meno ya wanafunzi mstarini, na nimewafunza walimu kazi hiyo hiyo. Najua ukaguzi una faida yake, lakini haumpi mtoto maji ya kusukutua.

Mlango mwingine ulikuwa umekwisha kufunguliwa mjini. Mwaka 1971, katika mtaa wa Redfern, Sydney, Waaborijini walianzisha zahanati yao iliyoongozwa na wao wenyewe, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Nyingine nyingi zikafuata.

Katika miaka ya 2010 fikra hiyo iliwafikia watoto wa mashambani. Watu wa Toomelah, pamoja na wa miji ya Boggabilla na Mungindi, walishauriana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney. Yakatoka mambo matatu: watoto wapige mswaki kila siku shuleni, shule ziwekewe mabomba ya maji ya kunywa, yaliyochujwa na kupozwa, ili mtoto asikimbilie soda, na meno yapakwe dawa ya floraidi. Maji ya Sydney yametiwa floraidi tangu mwaka 1968, lakini vijiji vingi vya mbali havikupata bahati hiyo. Tena, Waaborijini wenyewe wakasomeshwa kazi ya kuwasaidia madaktari wa meno.

Mswaki na floraidi vilijulikana zamani. Jipya lilikuwa kuulizwa kwa wenye watoto, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu wa mjini angeweza kuleta koleo, akang'oa na kurudi kwake. Mzazi, mwalimu na msaidizi aliyezaliwa pale ndio wanaobaki na mtoto kesho yake asubuhi, mswaki unapotakiwa.