Kweli isiyo na uthibitisho: Gödel, Tarski na mji wa Königsberg

Juzi kwenye masomo ya jioni mdogo wetu mmoja aliuliza: kitu kikiwa cha kweli, si lazima kiwe na uthibitisho? Tulicheka, maana hapa nani hajaulizwa "ushahidi wako uko wapi?" akabaki mikono mitupu, na alichosema ni kweli tupu. Lakini swali lake hata wakubwa wa hisabati liliwasumbua.

David Hilbert, profesa wa Göttingen, Ujerumani, alitaka hisabati yote isimame juu ya kanuni chache za mwanzo, na kila lililo kweli litolewe humo hatua kwa hatua. Alitaka pia hakikisho kwamba kanuni hizo hazitajipinga. Hofu haikuwa ya bure. Mwaka 1902 Bertrand Russell alimwandikia Gottlob Frege barua moja tu, kumwonyesha mgongano ndani ya mfumo wake. Kazi ya miaka mingi ikayumba.

Septemba 1930 wataalamu walikutana Königsberg, mji wa Ujerumani wakati ule, leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Tarehe 7 kijana wa miaka 24 kutoka Vienna, Kurt Gödel, alisema kwamba ziko kweli za namba ambazo mfumo wa kanuni hauwezi kuzithibitisha. Wengi lilipita tu masikioni. John von Neumann ndiye aliyeshtuka. Kesho yake, mji uleule, Hilbert alihutubia kwamba hakuna swali la hisabati litakaloshindikana. Kumbe!

Gödel alifanyaje? Kila alama aliipa namba yake, hivyo sentensi za namba zikaweza kusema habari za sentensi. Halafu akatengeneza moja ambayo ni kama inasema: "Mimi sithibitishiki kwa kanuni hizi." Sasa pima mwenyewe. Ikithibitishika, kanuni zimethibitisha uongo. Kama kanuni ni za kuaminika, basi haithibitishiki, na hilo ndilo inalosema. Yaani ni kweli, ila uthibitisho humo ndani haumo. Na ukiiongeza iwe kanuni mpya, nyingine ya namna hiyo inazaliwa.

Tusichanganye mambo, jamani. Gödel hakusema kila kisicho na uthibitisho ni kweli. Tangu 1742 watu wanahangaika na wazo la Goldbach: kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 10 ni 3 na 7. Kompyuta zimepima mbali sana bila kukuta inayokataa, na bado hiyo si uthibitisho.

Warsaw kulikuwa na Alfred Tarski. Mwaka 1933 alitoa kazi kuhusu kweli yenyewe. Sentensi "theluji ni nyeupe" ni kweli endapo theluji ni nyeupe, basi. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini kutoka hapo alionyesha kwamba lugha yenye uwezo wa kuzungumzia hesabu haiwezi kueleza kweli yake yenyewe kwa maneno yake. Lazima utoke nje, usimame kwenye lugha iliyo juu yake. Sisi hapo ndipo tulipoelewa tofauti: uthibitisho ni hatua za ndani ya mfumo, kweli ni jambo jingine.

Vitabu vya shule havisemi hawa watu waliishia wapi. Januari 1940 Gödel na mkewe Adele waliiacha Vienna chini ya Wanazi. Walipanda treni kuvuka Siberia, wakachukua meli kutoka Japani hadi San Francisco. Tarski, Myahudi, alikwenda Marekani Agosti 1939 kwa mkutano tu, akidhani atarudi. Vita vikalipuka. Mkewe Maria na watoto wao wawili walibaki Poland, wakamfikia mwaka 1946. Wazazi wake na ndugu yake waliuawa.