Mazimbu na Karatasi za Safari

Kila mwaka, mitihani ikikaribia kwisha, wanafunzi wa mwaka wa mwisho huniletea swali moja kwa namna nyingi. Waombe viza ya masomo au ya kazi? Ujerumani au Uingereza? Wapokee nafasi ya mafunzo ya kilimo ng'ambo, au wasubiri ufadhili wa shahada ya uzamili? Wengi wao wamekwisha kulinganisha ada, mishahara na hata baridi. Walio­linganisha masharti ya karatasi zenyewe ni wachache mno. Mimi si wakala wa safari. Ninachoweza kuwapa ni historia, na kwa bahati njema historia hiyo iko chini ya miguu yao, pale Mazimbu.

Kabla ya kuwa mahali pa elimu, Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, nchi tambarare iliyo chini ya Uluguru ikawa na njia ya kuipeleka nyuzi bandarini. Kilichokosekana ni watu. Mluguru aliyekuwa na migomba na mboga za kuuza hakuwa na haja kubwa ya kushuka mlimani kukata mkonge, isipokuwa kodi ilipombana. Aliposhuka, mara nyingi alishuka kwa kipande: kadi ya siku 30, kila siku ya kazi ikitiwa alama, na ujira ukalipwa siku zote zikitimia. Ujira ulikuwa mdogo. Hata hivyo, jioni alirudi kwake, na alipochoka kabisa aliiacha kadi, akapoteza siku alizokwisha kuzifanya, basi.

Manamba alikuwa mtu wa namna nyingine. Huyu aliandikishwa mbali, Ungoni, Ubena, Buha, Msumbiji au Rwanda-Urundi, akapewa namba iliyompa jina hilo, akasafirishwa kwa gharama ya waliomwandikisha na kuwekwa kambini. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mkataba ulitaja muda wa kazi na ulimhakikishia nauli ya kurudi kwao. Kwa macho ya leo, hayo ni mambo ambayo kijana yeyote angeyafurahia: nauli imelipwa, makazi yapo, ajira ina uhakika. Lakini chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kuacha kazi kabla ya muda lilikuwa kosa la jinai. Kwa hiyo manamba hakuwa huru kumwacha mwajiri mbaya na kwenda kwa jirani aliye mwema zaidi. Ruhusa yake ya kuwa Morogoro ilikuwa na jina la mtu mwingine ndani yake.

Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu Mazimbu ilipopata wakazi wapya, karatasi ilibadilika sura na swali likabaki lilelile.

Baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 1976, maelfu ya vijana wa Afrika Kusini waliikimbia nchi yao kupitia Botswana, Swaziland na Msumbiji, wengi bila pasipoti. Serikali ya Tanzania iliwapa ANC ardhi ya Mazimbu, na Mama Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, anakumbukwa kwa mchango wake katika jambo hilo. Shule ilianza mwaka 1978, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1982 ikaongezwa ardhi ya Dakawa.

Ili kuelewa thamani ya kupokelewa huko, ni lazima kujua karatasi ambayo Makaburu walimpa Mwafrika aliyetaka kwenda kusoma nje. Kwa sheria ya mwaka 1955, aliyenyimwa pasipoti aliweza kupewa kibali cha kutoka. Kilikuwa kibali cha kutoka tu: aliyekitumia hakuwa na ruhusa ya kurudi. Mwandishi wa habari Nat Nakasa alipata ufadhili wa Nieman katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1964, akanyimwa pasipoti, akaondoka kwa kibali hicho. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja. Muda huo ulipokwisha, alijikuta ana nchi ambayo haikuwa na wajibu wa kumweka na nyingine iliyokwisha kumfungia mlango. Alikufa New York tarehe 14 Julai 1965, baada ya kuanguka kutoka ghorofani, akiwa na umri wa miaka 28. Mabaki yake yalirejeshwa kwao mwaka 2014.

Sitaki kumfanya Nakasa awe mfano wa hesabu. Kifo cha mtu kina mengi ndani yake. Lakini ufadhili wake ulikuwa miongoni mwa ufadhili wenye heshima kubwa duniani, na haukuweza kumsaidia katika jambo ambalo kibali chake kilikuwa kimekwisha kuliamua kabla hajapanda ndege.

Waliosoma Mazimbu waliendelea na masomo katika nchi nyingi, zikiwamo Umoja wa Kisovieti, Ujerumani Mashariki na Kuba. Mdhamini wao alikuwa chama. Chama kiliomba nafasi, kilishauri fani ya kusoma, na kilitarajia mhitimu arudi kulitumikia pambano. Ulikuwa utaratibu wenye ulezi, na kama ulezi wowote ulikuwa na mkono mzito: aliyegombana na chama aligombana pia na kinga yake. Julai 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Wahadhiri wa kizazi kilichotutangulia walisafiri kwa karatasi za aina ya tatu, zilizowavuta nyumbani kwa makusudi. Serikali yetu miaka ya 1960 ilisomesha kwa sharti la kuitumikia nchi kwa miaka mitano. Marekani, kwa viza ya J-1, humtaka mgeni anayefadhiliwa na serikali arudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au baadhi ya viza za kazi. Viza ya F-1 ya mwanafunzi wa kawaida haina sharti hilo. Norway, ambako wataalamu wetu wengi wa kilimo na misitu walisomea katika mji wa Ås, ilikuwa na mpango ulioanza mwaka 1994 ambamo sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo: aliyerejea kwao alifutiwa, aliyebaki alidaiwa. Mpango huo umekwisha, na tangu mwaka 2023 vyuo vya umma vya Norway vinawatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Baadhi ya wenzangu waliona masharti hayo kuwa pingu. Kwa maoni yangu yalikuwa ya haki kuliko mengi yaliyofuata, kwa kuwa yaliandikwa wazi na kila aliyesaini alijua anachodaiwa.

Sasa tuziangalie karatasi za leo. Viza ya Uingereza ya mfanyakazi mwenye ujuzi humfunga mtu kwa mwajiri mwenye leseni ya kumdhamini. Kazi ikikatika, kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Aliyesoma na kuhitimu huko anaweza, tangu Julai 2021, kuomba viza ya wahitimu, ambayo haimtaji mwajiri yeyote. Ilikuwa ya miaka miwili kwa shahada ya kwanza na ya uzamili, na serikali yao imeamua kuipunguza hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Ujerumani ilianzisha Juni 2024 kibali cha kutafuta kazi kwa mwaka mmoja, nacho pia hakina jina la bwana yeyote. Huko Ghuba, kibali cha mtumishi wa ndani bado humtegemea kafili wake, na mageuzi ya Saudi Arabia ya mwaka 2021 yaliwaacha nje watumishi hao. Karatasi hizi zote huitwa viza, lakini kwa mtu anayeijua Mazimbu baadhi ni za kipande na nyingine ni za manamba.

Kuna za katikati, na hizo ndizo zinazonisumbua zaidi. Kijana wa kilimo anayekwenda Israel kwa mafunzo ya miezi 11 huingia kama mwanafunzi, lakini siku zake nyingi ni za shambani. Wapo waliorudi na ujuzi wa umwagiliaji na mtaji wa kuanzia. Nimewaona na sitawavunjia heshima. Hata hivyo, mashirika ya kutetea wafanyakazi nchini humo yamewahi kulalamika kwamba mwanafunzi wa namna hii ni kibarua aliyevishwa jina jingine. Tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wetu wawili waliokuwa katika mafunzo hayo walikuwa kwenye vijiji vya mpakani na Gaza. Wote wawili walikufa. Mmoja alikuwa wa chuo hiki. Nani anamchagulia mwanafunzi shamba, na je, ana haki ya kulikataa bila kupoteza viza? Swali hilo lilipaswa kuulizwa Morogoro, kabla ya safari.

Na fedha ni za nani? Viza ya masomo ya Ujerumani hudai ushahidi wa euro 11,904 kwa mwaka, ambazo wengi huziweka katika akaunti iliyozuiwa na kuzitoa kidogo kidogo, euro 992 kwa mwezi. Kwa familia ya Mgeta inayouza kabichi na njegere, hiyo ni harambee ya ukoo mzima. Uluguruni ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo kijana hana shamba lake binafsi la kuuza. Akitaka fedha ya ardhi, wajomba wakae. Nimewasikia mawakala wakiulaumu utaratibu huo kwamba unachelewesha safari. Mimi huwashauri wanafunzi waitumie nafasi hiyo: waupeleke mkataba kikaoni, wausome kwa Kiswahili au Kiluguru kifungu kwa kifungu, na wakifika palipoandikwa jina la mdhamini wasimame hapo mpaka mjomba wa mwisho amalize maswali yake.