Waliochukuliwa na Mto: Gharika na Matanga katika Nchi ya Ruvu na Pugu

Watu wakaao Kibaha na Kisarawe wamewekwa kati ya maji ya namna mbili. Upande wa magharibi, kupita Mlandizi, unashuka Mto Ruvu, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kingani. Mto huu huanza katika milima ya Uluguru, nao huingia baharini karibu na Bagamoyo. Upande wa mashariki viko vilima vya Pugu, na humo huanza Mto Msimbazi, ambao hushuka mpaka Dar es Salaam. Mto mkubwa kwa kawaida huwapa watu nafasi: huonekana ukipanda, na mwenye shamba bondeni huhamisha vyombo vyake. Vijito vya vilimani havina adabu hiyo. Wakati wa kiangazi mtoto huvivuka bila kulowa magoti. Mvua kubwa ikinyesha usiku mmoja, alfajiri hakuna kijito tena, bali mto wenye magogo na matope, na nyumba iliyokuwa kando yake haipo.

Twataka kueleza katika kurasa hizi jinsi watu wa nchi hii wanavyowalilia na kuwatafuta waliochukuliwa na maji ya namna hiyo. Tena twataka kuonyesha jambo moja ambalo sisi tuandikao vitabu vya shule na vya kanisa tumelisahau mara nyingi.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana lugha hutunza habari za watu. Mafuriko ni maji yaliyopita kingo zake; hata shamba la mpunga hufurika, na mwenye shamba asilie. Gharika ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuzama. Palipo gharika pana msiba. Mtu aliyeonekana akizama, na mwili wake ukapatikana, husemwa kwamba amekufa maji. Bali yule asiyeonekana, jamaa zake hawapendi kulitumia neno hilo. Husema, “Amechukuliwa na maji,” au husema tu, “Amepotea.” Mgeni huyadhani maneno haya kuwa ni mamoja. Sivyo. La kwanza limefunga mlango. Haya mengine yameuacha wazi, kwa kuwa aliyepotea aweza kuonekana.

Sasa tuikumbuke habari ya zamani. Mwaka 1872 masika yalikuwa mabaya sana. Tarehe 15 Aprili tufani iliipiga Unguja na Bagamoyo, ikavunja merikebu bandarini na majengo ya misheni yaliyokuwa yamejengwa Bagamoyo tangu mwaka 1868. Watu wengi wa pwani wameisikia habari hiyo. Bali habari ya bara haisimuliwi sana. Mahali palipo mji wa Morogoro leo palikuwa na mji wenye ngome, ulioitwa Simbamweni, uliojengwa na Kisabengo, Mzigua. Karibu yake hupita Mto Ngerengere, nao ni mkono wa Ruvu. Maji yapitayo pale ndiyo yashukayo baadaye katika nchi ya Kibaha. Henry Morton Stanley aliuona mji huo mwaka 1871 alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, akausifu kwa uzuri wa kuta zake. Aliporudi, mwishoni mwa Aprili 1872, alikuta ukuta wa mbele umechukuliwa na mto pamoja na nyumba zipatazo 50. Kwa habari alizosikia, alikadiria ya kuwa watu wapatao 100 wamepotea.

Wasomaji wetu na watazame vema habari hii. Hesabu ile ilitoka katika habari zilizosimuliwa kwa vinywa. Nasi twajua jinsi wanawake wahesabuvyo baada ya gharika: hawahesabu vichwa, huhesabu majina. Fulani binti fulani, na mwanawe aliyekuwa mgongoni. Fulani aliyekwenda kufungua mbuzi. Basi, yamkini wanawake wa mji ule walikuwa na majina ya waliopotea. Msafiri aliandika namba, na majina yakabaki vinywani, na vinywa vile vimenyamaza zamani. Leo twajua upana wa ukuta ulioanguka kuliko tujuavyo jina la mtu mmoja aliyelala nyuma yake.

Turudi katika desturi za Uzaramo. Mtu akifa nyumbani, kila mmoja anajua kazi yake. Kilio hupigwa, majirani huja, kaburi huchimbwa, na ndugu hukaa matanga. Watani nao huja na haki zao, maana Wazaramo wana utani na makabila kadhaa, kama Wanyamwezi, waliopita katika nchi yao na misafara ya biashara. Mtani hucheka palipo machozi; huweza hata kulizuia jeneza njiani mpaka apewe kitu. Mgeni huona ni ufidhuli, kumbe ni dawa, kwa maana wafiwa hupata nafasi ya kupumua. Mwisho matanga huanuliwa. Neno hili kuanua ndilo litumiwalo kwa nguo na nafaka zilizotandazwa juani: kilichotandazwa kwa siku zake, siku zikitimia, hukusanywa na kurudishwa ndani.

Lakini aliyechukuliwa na mto huivuruga kazi hii yote. Hakuna jeneza la kuzuiwa, wala mtani hajui aanzie wapi. Wanaume hawachimbi kaburi. Hushuka kufuata mto. Hutazama kwenye viwiko vya mto, mahali magogo na takataka zinapokusanyika; hugeuza mchanga uliolundikwa upya; huwauliza wavuvi, na hutazama angani ndege walao mizoga wanapozunguka. Katika Ruvu huenda kwa hadhari, kwa sababu ya mamba na viboko. Wanawake hukaa nyumbani na moto, na kila mara mtu akionekana njiani kilio hukatika ghafla, ili wasikie ameleta neno gani.

Waislamu, ambao ni wengi katika nchi hii, wana faraja yao: aliyekufa kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na katika madhehebu ya Shafii sala huweza kusaliwa kwa maiti asiyekuwapo. Hata hivyo sala hiyo yataka watu wawe na hakika ya kufa kwake. Na mjane je? Eda yake ni miezi 4 na siku 10, lakini ihesabiwe tangu siku gani, ikiwa hakuna aliyeuona mwili? Sheria ya Tanzania nayo humdhania mtu amekufa asiposikiwa habari zake kwa miaka 5. Miaka 5 ni mingi kwa mwanamke mwenye watoto na shamba linalogombewa na ndugu wa mume.

Tena maji hayajui mipaka ya wilaya wala ya parokia. Mnamo tarehe 20 Desemba 2011 mvua kubwa ilianza Dar es Salaam, mvua ambayo haijapata kuonekana pale tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na waliopoteza nyumba mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Msimbazi uliofurika Jangwani siku zile ndio uanzao katika vilima vya Kisarawe. Basi mtu akichukuliwa juu, huenda akaonekana chini, kati ya watu wasiomjua baba yake wala mama yake. Huku juu kuna jina lisilo na mwili. Kule chini kuna mwili usio na jina. Na siku chache tu zikipita, hawa wawili hawatakutana tena.

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, sisi walimu na mapadre na wachungaji. Tumezoea kuandika vitabuni waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Aliyepotea hakuzikwa, kwa hiyo hana ukurasa. Twashauri apewe ukurasa. Walio juu ya mto na waandike jina lake, jina la mama yake, nguo aliyovaa, kovu lake, na siku aliyochukuliwa, awe wa dini yoyote. Walio chini ya mto na waandike alama za kila mgeni wanayemzika, na mahali alipolazwa. Kisha vitabu hivi viwili vitumiane habari, upesi, kwa simu na kwa mjumbe, kabla mjane hajaanza kuhesabu miaka.

Kazi hii ni ndogo, wala haitauzuia mto. Lakini waliopotea Simbamweni walikuwa na majina, na aliyepita na kalamu hakuyaandika.